Kiini Kipya Ndani ya Mashine Pepe: Jinsi Viini vya Mifumo ya Kompyuta Vinavyojaribiwa, na Istilahi Zinazohitajika

1.0 Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi kiini kipya cha mfumo wa uendeshaji wa kompyuta kinavyojaribiwa ndani ya mashine pepe kabla ya kukabidhiwa kompyuta halisi. Pamoja na maelezo hayo, tutachunguza istilahi zinazohitajika ili kazi hiyo iweze kufundishwa kwa Kiswahili. Mifano yetu tumeitoa Kitale na Bungoma, kwa sababu wenyeji wa sehemu hizo wameizoea kwa miaka mingi kazi inayofanana sana na hii, yaani kujaribu mbegu mpya ya mahindi katika kipande kidogo kabla ya kuipanda shamba zima.

Huenda msomaji akauliza: jambo hili linawahusu nini wataalamu wa lugha? Kifungu cha 7 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na vile vile kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Hata hivyo, somo la kompyuta shuleni na vyuoni hufundishwa kwa Kiingereza. Mwanafunzi wa Kitale au wa Bungoma husoma kazi hii kwa lugha moja, kisha humweleza mwenzake kwa lugha nyingine, na katika kueleza huko hujiundia maneno kadiri ajuavyo. Sisi walimu wa lugha huitwa baadaye, maneno yakiwa yamekwisha kuzagaa, tuyape baraka au tuyakatae. Mara nyingi tunayahukumu bila ya kukiona kitu chenyewe kikifanya kazi. Dai letu ni kwamba istilahi haiwezi kuundwa vizuri na mtu asiyejua mwendo wa kitu anachokipa jina. Na kwamba istilahi, sawa na mbegu na kiini, haina budi kujaribiwa kabla ya kutolewa.

2.0 Desturi ya Majaribio Katika Nchi ya Mahindi

Mtu atokaye Kitale kwa barabara ya Kiminini na Kamukuywa hadi Webuye, kisha akageuka magharibi kuelekea Bungoma, huteremka kutoka mwinuko wa takriban mita 1,900 hadi takriban mita 1,400. Mteremko huo ni jambo kubwa kwa mkulima. Mbegu chotara za mfululizo wa 600, ambazo asili yake ni Kitale, zimekusudiwa nyanda za juu. Zile za mfululizo wa 500 zimekusudiwa mwinuko wa wastani. Mbegu iliyostawi Kitale yaweza kuchelewa kukomaa au kupungukiwa na mazao mahali pengine, ingawa haina kasoro yoyote.

Kampuni ya mbegu ya Kenya Seed ilianzishwa Kitale mwaka 1956, na utafiti wa mahindi katika kituo cha Kitale ulianza katika miaka hiyo hiyo. Mwaka 1964 ilitolewa mbegu chotara iitwayo H611, iliyopatikana kwa kuchanganya aina ya Kitale Synthetic II na mahindi ya Ecuador 573 yaliyoletwa kutoka Amerika ya Kusini. Tangu KEPHIS ilipoundwa mwaka 1996, shirika hilo ndilo linalosimamia majaribio ya kitaifa ambayo kila mbegu mpya hupitishwa kabla ya kuuzwa.

Majaribio hayo yana kanuni nne ambazo zafaa tuzishike akilini. Kwanza, mbegu mpya hupandwa katika kipande kidogo, ili ikishindwa hasara iwe ndogo. Pili, hupandwa kando ya mbegu ya zamani inayojulikana, iwe kipimo cha kulinganishia. Tatu, jaribio hurudiwa, kwa sababu mavuno ya mara moja yaweza kuwa ya bahati. Nne, hufanywa mahali mbalimbali, kwa kuwa udongo na hali ya hewa havifanani. Tutaziona kanuni hizi zote nne zikirudi tutakapokuja kwenye kompyuta.

3.0 Kiini na Hatari Yake

Programu nyingi zitumikazo katika kompyuta, kama vile za kuandikia barua au kupigia hesabu, hazigusi maunzi moja kwa moja. Baina yao na maunzi imo programu moja iliyo kuu, nayo ndiyo inayogawa muda wa prosesa, inayogawa kumbukumbu, inayosoma na kuandika katika diski, na inayopokea vibonyezo vya kibodi. Programu hiyo ndiyo tunayoiita kiini. Mfumo mzima wa uendeshaji una mengi zaidi ya kiini, lakini bila ya kiini mengine yote hayawezi kuanza.

Prosesa za siku hizi hutambua angalau ngazi mbili za mamlaka. Programu za kawaida hufanya kazi katika ngazi ya chini, na zikitaka kugusa maunzi hupeleka ombi kwa kiini. Kiini hufanya kazi katika ngazi ya juu, isiyokatazwa jambo. Programu ya kawaida ikikosea, kiini huisimamisha na kazi nyingine zikaendelea. Kiini kikikosea hakuna aliye juu yake wa kukisimamisha. Kikijitambua kwamba kimeharibikiwa, huandika maneno machache kwenye kioo na kusita. Hali hiyo tunapendekeza iitwe taharuki ya kiini. Kisipojitambua, chaweza kuendelea kuandika takataka juu ya diski, na mwenye kompyuta asijue mpaka faili zake zimekwisha kupotea.

Mfano ulio mashuhuri ni kiini cha Linux, kilichotangazwa na Linus Torvalds huko Helsinki mwezi wa Agosti mwaka 1991. Toleo lake la kwanza lilikuwa na mistari ya maandishi ipatayo 10,000. Leo ina zaidi ya milioni 30. Toleo jipya hutolewa kila baada ya wiki 9 au 10, likitanguliwa na matoleo ya majaribio yatolewayo kila wiki. Maandishi yake chanzi yako wazi, nayo sheria ya leseni yake inamruhusu mtu yeyote kuyachukua, kuyabadili na kujijengea kiini chake. Kwa hiyo mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kibabii kilichoko Bungoma, au wa chuo cha ufundi cha Kitale, anaweza kujenga kiini kilekile kinachojengwa na mtaalamu wa Ulaya.

Lakini hebu tumfikirie mwanafunzi huyo. Kompyuta aliyo nayo si yake peke yake. Wenzake wanangoja zamu, na faili zao zimo humo. Akikiweka kiini chake kipya mahali pa kile cha zamani, na kiini hicho kikashindwa kuwaka, kompyuta haitafunguka, na darasa litakuwa limepoteza chombo chake cha kazi. Mwalimu mwenye busara atamkataza asijaribu. Hivyo somo lililo la msingi kuliko yote katika taaluma hii litasomwa kwenye karatasi tu. Mashine pepe ndiyo inayoondoa katazo hilo.

4.0 Mashine Pepe

Mashine pepe ni kompyuta iliyojengwa kwa programu ndani ya kompyuta nyingine. Ina prosesa, kumbukumbu, diski na saa, lakini kila kimoja cha hivyo ni sehemu iliyomegwa kutoka katika kompyuta halisi, au ni kitu kinachoigizwa na programu. Diski yake, mathalan, kwa kawaida ni faili moja tu katika diski ya kweli. Kompyuta halisi huitwa mwenyeji, na mfumo unaofanya kazi ndani ya mashine pepe huitwa mgeni. Mgeni hupewa chumba na sahani. Akivunja sahani, nyumba hubaki imesimama.

Jambo hili si geni. Katika miaka ya 1960 wahandisi wa kampuni ya IBM waliokuwa Cambridge, katika jimbo la Massachusetts nchini Marekani, walitengeneza mfumo wa CP-40, ambao uliifanya kompyuta moja ionekane kwa kila mtumiaji kana kwamba ni yake peke yake. Baada yake ulikuja CP-67, kisha VM/370 uliotangazwa mwaka 1972. Kompyuta za wakati huo zilikuwa za thamani kubwa mno, na mtu aliyetaka kujaribu mfumo mpya wa uendeshaji alilazimika kungoja usiku au mwisho wa wiki, watumiaji wengine watakapokuwa wameondoka. Mashine pepe ilimwezesha kujaribu mchana, wenzake wakiendelea na kazi zao katika kompyuta ile ile. Shida iliyowasukuma wahandisi wale ndiyo ya mwanafunzi wetu wa Bungoma: chombo ni kimoja, na wahitaji ni wengi.

Mwaka 1974 Gerald Popek na Robert Goldberg walieleza masharti matatu ambayo msimamizi wa mashine pepe sharti ayatimize. Tunayataja hapa kwa sababu tutayatumia baadaye kupimia istilahi:

(a) Ulinganifu: programu ikitiwa ndani ya mashine pepe itende kama ambavyo ingetenda katika mashine halisi, isipokuwa tofauti za kasi na za kiasi cha rasilimali.

(b) Udhibiti: msimamizi awe na mamlaka kamili juu ya rasilimali zote, na mgeni asiweze kugusa alichonyimwa.

(c) Ufanisi: amri zilizo nyingi za mgeni zitekelezwe na prosesa ya kweli moja kwa moja, bila ya msimamizi kuziingilia.

Kwa muda mrefu prosesa za kompyuta ndogo hazikuyatimiza masharti hayo kwa urahisi. Tangu mwaka 2005 na 2006 watengenezaji Intel na AMD walitia ndani ya prosesa zao uwezo maalumu wa kubeba wageni, na mwaka 2007 kiini cha Linux kilipokea sehemu iitwayo KVM inayoutumia uwezo huo. Programu ya QEMU, iliyoanzishwa na Fabrice Bellard mwaka 2003, ndiyo inayoigiza vifaa vingine vya mgeni. KVM na QEMU hutolewa bure, na kompyuta ya kawaida ya darasani huweza kuzibeba.

5.0 Mwendo wa Jaribio

Jaribio lenyewe huenda kwa hatua, nazo ni hizi.

Hatua ya kwanza ni kuchagua. Kiini cha Linux kina maelfu ya sehemu ambazo mjenzi aweza kuzitia au kuziacha. Kwa kuwa kiini chetu kitaishi ndani ya mashine pepe, tunatia viendeshi vya vifaa vinavyoigizwa na QEMU, na kuacha vingi vya vifaa ambavyo mgeni hatakutana navyo. Kadiri sehemu zinavyopungua ndivyo ujenzi unavyokwenda upesi.

Hatua ya pili ni kufasiri maandishi chanzi yawe lugha ya mashine. Kazi hii hufanywa na programu-mfasiri, nayo yaweza kuchukua dakika chache au saa nzima, kwa kutegemea nguvu ya kompyuta. Matokeo yake ni faili moja iliyoshindiliwa, na hiyo ndiyo kiini.

Hatua ya tatu ni kutayarisha mfumo mdogo wa faili. Kiini peke yake hakina la kumwonyesha mtu. Kikiisha kuwaka hutafuta programu ya kwanza ya kuendesha. Wanafunzi wengi hukwama hapa. Kiini chao huwaka vizuri, kisha hutaharuki kwa kukosa mfumo wa faili, nao hudhani kwamba ujenzi ulikuwa na kasoro. Dawa ni kutengeneza furushi dogo la faili lenye programu ya BusyBox, ambayo imekusanya amri za msingi mahali pamoja, na kumkabidhi QEMU furushi hilo pamoja na kiini.

Hatua ya nne ni kuwasha. QEMU huweza kupewa faili ya kiini moja kwa moja, bila ya kuiweka kwanza katika diski yoyote. Tunaitajia kiasi cha kumbukumbu, tuseme megabaiti 512, na kuiagiza ipeleke maneno yote ya kiini kwenye dirisha la maandishi la mwenyeji. Mabaharia wa pwani huliita batli lile daftari la chombo ambamo mwendo wa safari huandikwa. Maneno ya kiini nayo ni batli yake. Yakiandikwa upande wa mwenyeji hayapotei hata mgeni akifa ghafula, na mara nyingi mstari wa mwisho wa batli ndio unaoeleza sababu ya kifo.

Hatua ya tano ni kuhakikisha kwamba kilichowaka ni kiini kile tulichokusudia. Hili laonekana dogo, lakini watu wamepoteza siku nzima wakikisifu kiini kipya, kumbe kilichokuwa kikiendeshwa ni cha zamani. Kila kiini huwa na nambari ya toleo, na yafaa mjenzi aongeze alama yake mwenyewe, kisha amuulize mgeni nambari hiyo kabla ya kupima jambo lolote.

Hatua ya sita ni kupima na kulinganisha. Kiini cha zamani huendeshwa katika mashine pepe ya pili iliyo sawa na ya kwanza kwa kila hali, kisha majaribio yale yale hufanywa kwa vyote viwili. Kama kosa liko kwa vyote, si kosa la mabadiliko mapya. Hii ndiyo ile mbegu ya kulinganishia ya Kitale. Kadhalika jaribio hurudiwa, kwa kuwa baadhi ya makosa hutokea pale tu kazi mbili zinapogongana kwa wakati mmoja, na huenda yasionekane mpaka mara ya mia.

Hatua ya saba huhitajika kosa likipatikana. Tuseme toleo la zamani lilikuwa zima, jipya ni bovu, na baina yao yamefanyika mabadiliko 1,000. Hakuna haja ya kuyajaribu yote. Tunajenga kiini cha katikati. Kikiwa kizima, kosa limo katika nusu ya pili, na kikiwa kibovu limo katika nusu ya kwanza. Tukiendelea kukata nusu kwa nusu, majaribio 10 yatatosha kulifichua badiliko lenye kosa. Kwa kompyuta halisi kazi hiyo ingemaanisha kuzima na kuwasha mara 10, na labda kuiokoa diski mara kadhaa; katika mashine pepe yaweza kuachiwa programu, na mtu akaenda kula.

6.0 Mipaka ya Jaribio

Haifai msomaji adhani kwamba kiini kilichofaulu katika mashine pepe kimekamilika. Vifaa vya mashine pepe ni vitulivu kuliko vifaa vya kweli: havipati joto, waya zao hazilegei, na wala umeme hauwakatikii katikati ya kuandika isipokuwa mwenyeji mwenyewe azimike. Kiendeshi cha kadi ya redio ya kompyuta fulani hakiwezi kujaribiwa mahali ambapo kadi hiyo haipo. Uwezo wa kompyuta kulala na kuamka, ambao huwasumbua wengi, nao hauonyeshwi vizuri.

Aidha kuna tofauti ya aina za prosesa. Kiini kilichofasiriwa kwa lugha ya prosesa za Intel hakisomeki na prosesa za ARM zitumikazo katika simu nyingi. QEMU huweza kuigiza prosesa ya ARM juu ya Intel, lakini hapo kila fungu la amri za mgeni halina budi kugeuzwa wakati huo huo wa utekelezaji, na kasi hupungua sana. Hali hii haina tofauti kubwa na ile ya mbegu ya Kitale na shamba la Bungoma: uzima wa mbegu mahali pamoja si ushahidi wa uzima wake kila mahali. Kwa sababu hiyo wajenzi wa Linux hawatosheki na mashine pepe peke yake. Mradi wa KernelCI, mathalan, huviendesha viini vipya katika vifaa vingi vya kweli vilivyowekwa katika maabara mbalimbali.

Historia ya mahindi yenyewe inatupa onyo. Mwaka 2011 ugonjwa unaoua mahindi, uletwao na virusi viwili vinapokutana katika mmea mmoja, ulionekana huko Bomet, kisha ukaenea sehemu nyingine za nchi. Mbegu zilizokuwa zikipandwa zilikuwa zimefaulu majaribio, lakini vipande vya majaribio haviwezi kuonyesha adui ambaye hajafika. Jaribio hujibu maswali yaliyoulizwa tu. Ndiyo maana mtu mwangalifu, baada ya kuridhika na mashine pepe, hukiweka kiini kipya kando ya kile cha zamani katika kompyuta halisi, akaacha vyote viwili katika orodha ya kuwashia, ili kipya kikimwangusha aweze kurudi alikotoka.

7.0 Istilahi Zikipimwa kwa Kazi

Sasa tunaweza kuzitazama istilahi tukiwa tumekwisha kuona kazi yenyewe. Tutachukua tatu.

7.1 Mashine pepe. Katika mazungumzo twaweza kusikia mapendekezo kama mashine bandia, mashine dhahania, mashine kivuli na mashine pepe. Tuyapime kwa masharti ya Popek na Goldberg. Bandia hudokeza udanganyifu, ilhali sharti la ulinganifu linasema kwamba hesabu ifanywayo humo ni hesabu ya kweli. Dhahania ni jambo lililo katika fikra tu, ilhali mashine hii hula kumbukumbu ya kweli na umeme wa kweli. Kivuli humfuata mwenyewe kila aendako, ilhali sharti la udhibiti linataka mgeni aweze kuanguka na mwenyeji abaki wima.

Linabaki neno pepe. Sifa hii imekwisha kuzoeleka katika barua pepe, ambamo hudhaniwa kuwa imetokana na upepo. Lakini Kiswahili kina pepe nyingine iliyo ya zamani zaidi, nayo ni suke au punje ya nafaka iliyo na ganda bila ya kitu ndani. Mwenye kupepeta huijua mara moja, kwani ndiyo ipeperukayo. Hatudai kwamba walioeneza barua pepe walikuwa na maana hiyo mawazoni. Tunachosema ni kwamba maana hiyo inalingana na kazi kwa namna ya ajabu: mashine pepe ni ganda lenye umbo lote la kompyuta, lililo tupu mpaka litiwe kiini. Mwanafunzi aliyekulia katika nchi ya mahindi hahitaji kufafanuliwa neno hilo mara mbili.

7.2 Kufasiri. Baadhi ya waandishi hutumia kitenzi kukusanya kwa ile kazi ya hatua ya pili. Hiyo ni tafsiri sisisi ya neno la Kiingereza, nayo yapotosha, kwa kuwa mwanafunzi atadhani kwamba mafaili yanarundikwa tu pamoja. Kazi halisi ni ya kutoa maana kutoka lugha moja na kuitia katika nyingine. Zaidi ya hayo, Kiswahili hutofautisha mfasiri, ambaye huchukua maandishi yote akakurudishia maandishi kamili, na mkalimani, ambaye hugeuza maneno papo hapo msemaji anaposema. Tofauti hiyo ndiyo iliyopo kati ya aina mbili kuu za programu za kugeuzia lugha: iliyojenga kiini chetu ni programu-mfasiri, na ile ya QEMU inayogeuza amri za ARM wakati wa utekelezaji yakaribia sana kuwa programu-mkalimani. Katika jambo hili lugha yetu haina upungufu wowote.

7.3 Kiini. Neno hili limekubalika, lakini lina tatizo. Kiini cha yai, kiini cha kokwa na kiini cha hadithi vyote ni vitu vilivyofichika katikati na kutulia. Kiini cha mfumo hakitulii. Hugawa, huamua, hukataza. Kwa hiyo si ajabu mwanafunzi akidhani kwamba kiini ni sehemu iliyohifadhiwa tu. Hatupendekezi neno libadilishwe, maana limekwisha kuenea. Tunapendekeza kwamba mwalimu alitambulishe pamoja na vitenzi vyake, aseme kiini kinagawa, kiini kinaruhusu, kiini kimetaharuki, ili maana iingie kwa njia ya matendo.

Kuhusu namna ya kuzijaribu istilahi hizi, tunaona kwamba hojaji inayomwuliza mtu kama analipenda neno haitoshi. Njia iliyo bora ni kuwapa wanafunzi maelezo ya hatua saba kwa Kiswahili, kundi moja kwa istilahi hizi na kundi la pili kwa istilahi zinazoshindana nazo, kisha kuangalia ni kundi gani litakalofika mwisho na ni neno gani lililowakwamisha. Jaribio hilo lifanywe Kitale, lirudiwe Bungoma, na baadaye Mombasa au Dar es Salaam, kwa kuwa neno lililo wazi kwa mtoto wa mkulima wa mahindi huenda lisiwe wazi kwa mtoto wa mvuvi.

8.0 Hitimisho

Tumeeleza kwamba kiini ni programu isiyo na wa kuisimamia, na kwamba hiyo ndiyo sababu ya kukijaribu ndani ya mashine pepe, ambako anguko lake halimdhuru mwenyeji. Tumeonyesha hatua za jaribio na mipaka yake. Tumeonyesha pia kwamba istilahi zikipimwa kwa kazi, si kwa utamu wa kusikika, nyingine huanguka na nyingine hupata nguvu ambazo hatukuzitarajia.

Kazi iliyofanywa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na mradi wa Kilinux, uliotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, ilithibitisha kwamba programu za ofisini zaweza kusema Kiswahili. Hata hivyo, programu za ofisini zimo katika ngazi ya juu, ambako kosa husameheka. Lililobaki ni kuishusha lugha hadi kwenye ngazi ya kiini, mahali ambapo mwanafunzi akilielewa neno vibaya kompyuta haifunguki. Kwa bahati njema, mahali hapo sasa pana uwanja wa kukosea bila ya hasara. Mhadhiri wa lugha aliye na kompyuta ya kawaida aweza kuketi na mwenzake wa idara ya kompyuta kwa siku moja, wakajenga kiini, wakakiwasha, wakakiona kikitaharuki, na wakaandika kwa Kiswahili kila walichokiona. Batli ya siku hiyo itafaa kuliko orodha ya maneno iliyotungwa mezani.